Nilivyomshuku Padri kwa Majani ya Mpakani

Haya nimeyaandika mara mbili nikachana karatasi, kwa sababu nilipoyasoma niliona nimejipendelea. Niliishia darasa la saba na sijui kupanga maneno kama wenye elimu. Lakini jambo lenyewe nalijua, maana nililianzisha mimi.

Kwaresima iliyopita jirani yangu wa upande wa juu, kogo mmoja, ndivyo tunavyomwita bibi mzee, ambaye tumepakana naye tangu niolewe hapa karibu na Kimulot, alikwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, kisha akapumzika kwa binti yake Londiani. Chai yake ikakua mpaka ikaanza kuwa ngumu. Laini yake ya mwisho ya michai inagusana na yangu ya kwanza. Nilichuma laini yake hiyo asubuhi tatu, nikachanganya na majani yangu, nikapeleka kwenye kituo cha kuuzia majani. Nilijiambia yangeharibika bure. Yangeharibika, ndiyo, lakini hakuna aliyenituma.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi nilienda kuungama. Padri aliniuliza tu kama jirani amerudi. Nikasema bado. Akaniambia akirudi nitafute njia ya kumrudishia, hata kwa kazi ya mikono, kisha akaniondolea dhambi. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Kogo akarudi Ijumaa. Sikwenda. Nilisema nitaenda kesho, na kesho nikasema hivyo tena. Jumapili, tukiwa tumeshika matawi, padri akahubiri kuhusu watu ambao vidole vyao havijui mpaka. Alitaja vidole kabisa, si mikono. Shingo yangu ikapata moto. Baada ya misa nikamwona kogo amesimama naye mlangoni, wanacheka. Jumatatu asubuhi nikakuta kogo amesimika vijiti mpakani, na kamba ya katani imefungwa kutoka juu mpaka chini.

Nikajua padri ameniuza.

Nijaribu kuwa wa haki. Nusu ya kanisa letu wana chai inayopakana na ya mtu, kwa hivyo mahubiri yangeweza kuwa ya yeyote. Na mtu akifunga kamba kwake hana haja ya kuomba ruhusa kwangu. Lakini yote matatu, mahubiri, kicheko na kamba, ndani ya siku mbili? Sikulala vizuri.

Jumanne nikamfuata padri nje ya ofisi yake.

"Fada, yale niliyokuambia, kuna mtu mwingine anayajua?"

"Mama, uliniambia nini?"

"Yale ya siku ile nilipoungama."

"Hapa nje mimi siyajui hayo. Ukitaka kuungama tena, njoo Alhamisi saa nane." Akaingia ndani.

Nilipima jibu hilo njia nzima. Padri aliyetoa siri angejibu hivyo. Padri ambaye hajatoa pia angejibu hivyo, kwa sababu sheria yao imemfunga mdomo hata asiweze kusema kwamba hakusema. Badala ya kumhurumia, niliona hapo ni mahali pazuri sana pa kujificha.

Ndipo nikakosa zaidi. Nilipitia kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mzee aliyestaafu kiwandani, nikamwambia nashuku padri anatoa siri za maungamo.

"Siri ya nani?"

"Ya mtu fulani."

"Huyo mtu fulani ana kitambaa kichwani kama chako?"

"Mwenyekiti, mimi nauliza tu."

"Mama, mtu haulizi hivyo bure. Kwani umeua?" Akacheka, kisha akatafuta kalamu. "Hili ni la askofu."

Kabla ya jua kuzama nilisikia kwamba barua kwa askofu imeandikwa, na itatiwa sahihi Jumatano saa kumi jumuiya ikikutana kwa mwenyekiti. Sahihi ya kwanza ingekuwa yangu. Jina la padri wetu lilikuwa linaelekea kwa askofu kwa neno langu peke yake, na mimi sikuwa nimemuuliza kogo chochote.

Jumatano asubuhi nikapanda kwake. Alikuwa anachagua maharagwe.

"Kogo, ile kamba ni ya nini?"

"Ni ya haya macho. Nimepewa mengine, sasa naona mengi. Naona hata mahali ulipopita."

"Padri ndiye alikuambia?"

"Padri?" Akainua kichwa. "Padri anajua nini kuhusu chai? Tulipokuwa tukichumiana kwa zamu, nani alikuwa anakuja nyuma yako kusawazisha? Hicho kidole gumba ulichojikata kwa panga hakikunjiki. Ukivunja jani unaacha kikonyo kimesimama. Laini nzima ni vikonyo vyako. Ungeandika jina lako pale, ungetumia nguvu kidogo kuliko hizo."

"Na pale mlangoni mlikuwa mnacheka nini?"

"Nilimwambia sikujua amenenepa hivyo. Siku zote nilikuwa naona kanzu tu."

Akaniambia nitamchumia laini hiyo mara tatu, na vile vikonyo nivitoe vyote.

Saa kumi barua ilikuwa mezani kando ya birika. Padri hangeweza kuja kujitetea, na hata angekuja, mdomo ulikuwa umefungwa. Ni mimi tu niliyekuwa na ruhusa ya kuyasema maungamo yangu. Nikasema chai ni ya kogo, mwizi ni mimi, na ulionifichua ni mkono wangu mwenyewe.

"Na yale mahubiri ya vidole?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui yalitoka wapi. Labda hakuniungamisha mimi peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaichana barua vipande vinne, polepole, kama mtu asiye na hakika. Jirani yangu wa upande wa chini akakohoa.

"Na laini yangu, mama?"

"Sijawahi kuigusa."

"Ndivyo utakavyosema."

Ni kweli sijawahi. Na ni kweli pia kwamba hata ningekuwa nimeigusa, ningesema hivyo hivyo.

Asubuhi ya Alhamisi Kuu nilimkuta jirani huyo wa chini mpakani ameinama, anatazama vichaka vyake vya chai kimoja kimoja. Nikamsalimia. Akaitikia bila kuinuka.