Dahbia Akataa Bakuli la Chemchemi

Dahbia alikuwa na miaka hamsini na mbili wakati kijiji chetu kilipomhesabu kuwa mzee, na wa kwanza kukubali alikuwa yeye mwenyewe. Kosa lilianzia hapo, na sitalifunika kwa sababu eti lilifanywa kwa nia njema.

Huku kwetu kwenye milima ya Jurjura, mtoto wa kiume akioa, mama yake humkabidhi mkwewe upawa wa jikoni. Tangu siku hiyo mama hashiki ndoo, hashiki jembe, hainami bustanini. Mavyaa akionekana na mzigo mgongoni, watu huuliza mkwewe yuko wapi. Basi mwanamke aliyepanda na kushuka miteremko hii tangu utotoni, akibeba kuni, maji na vikapu vya zeituni, huketishwa ghafla juu ya ngozi ya kondoo na kuambiwa apumzike. Tunaiita heshima. Nimeiona heshima hiyo ikiwalaza wanawake wengi kuliko baridi ya Januari.

Dahbia aliketi miaka minne. Mwanawe Mokrane, fundi wa bomba, ni mtu mwema; kila alipotoka kazini alimletea mama yake kitu kitamu chenye asali. Mkewe Thiziri, binti mwenye adabu zake, alimpelekea kahawa mara tano kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Dahbia akanenepa. Hedhi ilikoma, joto likawa linampanda usoni bila taarifa, na magoti yakaanza kulia kila alipoinuka. Akitaka kwenda darini kuanika pilipili, ngazi nane tu, alishika ukuta.

Mwezi wa Mei alikwenda mjini kwa daktari, mwanamke kijana aliyeongea upesi upesi. Daktari alipima damu, akamwambia sukari haijaingia ndani bado, ila imekwisha kukaa kizingitini. Halafu akambinya mkono juu ya kiwiko, akauliza ni kazi gani anayofanya nyumbani. Dahbia akajibu kwa fahari kwamba hafanyi yoyote.

"Nani alikukataza?"

"Hakuna aliyenikataza, daktari. Wameniheshimu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza kwamba hedhi ikishakoma mifupa hupungua uzito, na misuli isiyotumiwa huyeyuka haraka kuliko zamani, wala hakuna kidonge kitakachofanya kazi ya miguu. Atembee kila siku, mpaka apumue kwa nguvu lakini bado aweze kuzungumza. Abebe mzigo, aanze na mdogo. Apunguze sukari na asali, ale dengu, maharage, mtindi, na mkate wa shayiri aliolelewa nao. Dahbia alirudi kijijini akiwa na hasira, na njia nzima hakujua amemkasirikia nani.

Alijua alipofika nyumbani. Wiki ile baraza la kijiji lilikuwa linaandika majina ya sikukuu ya Mwamba. Kila Agosti wanawake wetu hupanda mpaka kileleni, mwendo wa saa tatu, kila mmoja na kuskusi ya nyumba yake, punje za ngano zilizofikichwa na kupikwa, mgongoni, na huko juu kijiji kizima hula pamoja. Wasioweza hupelekwa kwa pikapu hadi chemchemi iliyo katikati ya njia, mahali barabara inapoishia. Hapo Nna Ferroudja, Nna ikiwa ndiyo heshima tunayompa bibi mzee, mkubwa wao wote, humpa kila mgeni bakuli la mtindi na kumbariki. Akishalinywa, yeye ni mtu wa chemchemi. Hataitwa tena kuchuma zeituni, hataitwa kufikicha kuskusi ya harusi, hataulizwa kitu isipokuwa hali yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kunywa bakuli lile kisha akaonekana tena njiani.

Mokrane alikuwa amekwisha kumwandikisha mama yake kwenye pikapu.

"Nenda ukafute," Dahbia alimwambia.

"Mama, na magoti yako?"

"Magoti ni yangu. Kafute."

"Watu watasema nimemtupa mama yangu mlimani."

"Hao watu hawatakuja kunichoma sindano za sukari."

Mokrane hakufuta. Alisema ataliacha jina lilivyo, na siku yenyewe wataona. Dahbia akahesabu. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja.

Kesho yake kabla jua halijachomoza alichukua dumu la lita tano, akateremka bombani, akalijaza, akalipandisha mgongoni kwa kamba kama zamani. Alisimama mara tisa njiani. Alifika akiwa amelowa jasho, moyo unamdunda masikioni, na alikuwa anacheka peke yake kama mwendawazimu. Miaka minne hakuwa ameusikia moyo wake.

Saa sita mchana kijiji kizima kilijua kwamba Thiziri anamtesa mavyaa wake. Saa tisa mama yake Thiziri alikuwa ameshafika kutoka kijiji cha ng'ambo, amefunga kilemba kwa hasira, anauliza binti yake amekosa nini hata atangazwe hivyo. Thiziri alilia jikoni. Dahbia alipoingia kumtuliza, binti alisema neno ambalo mwenzake hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Mama, ukibeba wewe, ninayesutwa ni mimi. Wewe watakuonea huruma. Mimi wataniita mvivu mpaka nife."

Kweli ilikuwa hivyo, na Dahbia aliona haya. Mtu hana ruhusa ya kununua afya yake kwa jina la mwenzake. Nawajua watu ambao wangekata tamaa hapo, warudi kwenye ngozi ya kondoo, wamlaumu daktari. Dahbia alikaa chini na mkwewe na yule mama mwenye kilemba, wakanywa kahawa, yake bila sukari, akiikunjia uso, na wakapata njia. Watabeba wote wawili, pamoja, mchana kweupe, kila mmoja mzigo wake, wa Thiziri mkubwa zaidi. Atakayetaka kusema na aseme amewaona.

Basi wakaonekana. Kila alfajiri walipanda kwenda shamba la tini la juu, Thiziri mbele na kikapu kikubwa, Dahbia nyuma na kidogo. Malha, jirani aliyelingana na Dahbia kwa umri na kumpita kwa uzito, alikuwa akiwangoja kibarazani na ulimi wake.

"Dahbia, unashindana na mbuzi?"

"Nashindana. Wewe hata mbuzi wamechoka kukungoja."

Siku ya sita Malha alikuwa amevaa viatu vya mpira vya mwanawe na kuwafuata, akisema anakwenda tu kuhakikisha Dahbia hafii njiani, maana hataki msiba wakati wa joto. Wiki ya tatu, mbali na Thiziri, walikuwa wanawake watano, wote wamevuka hamsini, wanapanda kwa maneno na matusi ya kirafiki. Ilikuwa raha kuwasikia. Walipita chini ya madirisha wakibishana nani anahema zaidi, na wanaume waliokwisha kukaa mkahawani asubuhi ile waliona aibu wakatazama pembeni, jambo lililonipendeza sana.

Wiki ya nne Dahbia alifanya upumbavu. Alijiona ana nguvu, akabeba kikapu cha Thiziri, akateremka nacho mbio mbio ili Malha amwone. Goti la kulia likavimba kama tikiti. Mokrane aliliona goti, akatoka kwenda kuthibitisha nafasi kwenye pikapu. Alisikika akimwambia dereva amwekee mama yake siti ya mbele.

Siku tatu Dahbia alilala. Anayejua kuketi anajua jinsi kiti kinavyomvuta mtu, nacho kilimvuta. Kahawa ilirudi na kijiko kimoja cha sukari, kisha viwili. Siku ya nne alimpigia daktari simu akitarajia kuambiwa aache. Daktari alimfokea kwa kukimbia mteremkoni na mzigo usio wake, akamwambia apumzike siku mbili tena kisha aanze upya na kikapu kitupu. Na kila siku ainuke kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, mapaja yajifunze kulibebea goti kazi yake. Dahbia aliinuka mara nne, akaanguka kwenye kigoda. Thiziri alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka jikoni na hakumsamehe hata moja.

"Tano, Mama. Bado tano."

"Mama yako alikulea vibaya."

"Sita."

Julai yote ilikwenda hivyo. Kikapu kitupu, kisha kilo mbili, kisha nne. Dahbia alikula dengu mpaka Mokrane akauliza kama duka la nyama limefungwa. Kanzu zikalegea. Ngazi za darini akazipanda huku anaongea na jirani wa upande wa pili. Alipopimwa tena, sukari ilikuwa imeshuka, na daktari alicheka kwa simu, ila kuhusu Mwamba hakumwahidi kitu. Saa tatu za kupanda ni saa tatu.

Siku ya sikukuu pikapu ilisimama mbele ya mlango, siti ya mbele ikiwa tupu, injini inanguruma. Mokrane alikuwa ameshika mlango wa gari. Dahbia alitoka amevaa gauni lake la manjano na kitambaa cha mistari kiunoni, kilo nne za kuskusi mgongoni, akampita mwanawe, akamwambia amchukue mama yake Malha ambaye ana miaka themanini na kweli anahitaji gari. Halafu akashika njia.

Saa ya kwanza ilikuwa wimbo mtupu. Wanawake zaidi ya mia walipanda kwa mstari, magauni yakiwaka kama moto mteremkoni, mabinti mbele, na lile kundi la Dahbia nyuma kidogo likiimba kwa nguvu zaidi ya pumzi liliyokuwa nayo. Saa ya pili wimbo ukakatika. Jua liliwaka juu ya mawe. Wawili wa wale watano walisema watapumzika chemchemini, na hakuna aliyewacheka. Dahbia aliona weusi machoni mara moja, akasimama, akapumua kama alivyofundishwa, akaendelea.

Walipofika chemchemini pikapu ilikuwa imekwisha kufika, na Mokrane yuko pembeni yake, mikono nyuma. Chini ya mti wa mwerezi walikaa watu wa chemchemi, weupe wa vilemba vyao unaburudisha macho, na Nna Ferroudja aliinuka kwa shida, akamletea bakuli lililojaa, mtindi baridi, umande umeshika udongo wa bakuli kwa nje. Kumkatalia mkubwa bakuli ni jambo ambalo huku kwetu halifanyiki.

"Kunywa, mwanangu. Umefika mbali."

Dahbia alilitazama bakuli, na nasadiki kwamba kiu yake yote ya siku ile ilikuwa machoni. Akaushika mkono wa bibi yule, akaubusu.

"Nishikie, Nna. Nikifika umri wako nitakuja kulinywa."

"Mtindi utakuwa umeharibika," alisema Malha kwa nyuma, hana pumzi.

Watu walicheka, ila Nna Ferroudja hakucheka.

"Mimi nililinywa nikiwa na hamsini na nne," alisema. "Mume wangu alikuwa amepata cheo, ikaonekana si vizuri mkewe abebe. Sikuwa naumwa popote. Miaka thelathini na moja sasa nakaa hapa nawaona mkipita." Akalivuta bakuli kifuani. "Pita, binti. Pita upesi kabla sijaona wivu."

Dahbia akainama, akajaza viganja maji ya chemchemi, akanywa, akapita. Mokrane alipiga hatua moja kumfuata, akiwa amenyoosha mikono kupokea kikapu. Mama yake alitikisa kichwa. Akabaki pale, na Thiziri alipompita alimwambia afunge mdomo, inzi wataingia.

Sehemu ya mwisho ni mawe matupu na inapandwa kwa mikono. Dahbia alitumia saa moja na robo pale ambapo mabinti hutumia nusu saa. Aliketi mara mbili. Mara ya pili goti lilikataa, naye akalipiga kofi kama mtu anayemwamsha punda, akaomba msamaha kwa Mungu kwa maneno aliyolitukania, akainuka bila kushika kitu. Thiziri alikuwa juu yake hatua mbili na hakumpa mkono, maana hakuombwa.

Kileleni, katibu wa baraza alikuwa amesimama kando ya sinia kubwa za mti akisoma majina ya nyumba, na kila nyumba humimina kuskusi yake ikiitwa. Alikuwa ameshafika karibu na mwisho wa karatasi. Aliita nyumba ya Ath Salem, ndiyo ya kina Dahbia, akachungulia juu ya miwani, akaona jina la Dahbia limeandikwa upande wa pikapu, akauliza nani ameleta ya nyumba hiyo.

"Mimi," ilisikika sauti kutoka ukingoni, kabla kichwa chake hakijaonekana.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika hadi chemchemini, na huko chini, wametuambia waliokuwepo, bibi mmoja alijibu kwa kigelegele chake, chembamba, kirefu, kisichokatika. Dahbia alikuja akiwa mwekundu kama pilipili, vumbi hadi nyusi. Akafungua kikapu kwa vidole visivyotii, akamimina kilo zake nne mpaka punje ya mwisho. Katibu akachukua kalamu, akakata jina lake lilipokuwa, akaliandika upande wa pili.

"Na mwakani?" aliuliza.

"Andika," alisema Dahbia. "Na Malha mwandike, ingawa bado yuko kwenye mawe anamtukana mama yangu."