Spea nyembamba ya baba mdogo iliyotaka kuninyima mke Butiama

Wakuu, heshima kwenu. Wanaotafuta chai wapite tu, haya yalinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, magari ya Japani yaliyotumika ndiyo yanaanza kuingia. Nyie mnaoagiza gari mkiwa kitandani hamjui. Kabla ya hapo hata tairi ulipata kwa kibali.

Baba mdogo akaleta gari, saluni nyeupe, pale mtaani Nyasho. Mikogo yake sasa! Aliiosha gari kuliko alivyooga mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimechumbia Butiama. Ng'ombe wangu wa mahari walikuwa zizini kwa baba mdogo kijijini, na yeye ndiye msemaji wetu. Siku ya kwenda kuwaambia wakwe kwamba ng'ombe wako tayari, akasema basi ni la washamba, twende na gari yake.

Tulipofika Makutano, pancha.

Akatoa spea kwenye buti. Wakuu, kitu chembamba kama cha pikipiki! Fundi pancha yuko ng'ambo ya barabara, nikamwambia baba mdogo tuzibe kwanza.

"Wajapani si wajinga," akanijibu, akaifunga, akakanyaga mafuta.

Tukaingia kwa wakwe gari imeinamia upande mmoja.

Baba wa binti hata hakutusalimia. Aliizunguka gari, akainama, akaipapasa ile spea jinsi wazee wanavyokagua miguu ya ng'ombe wa mahari.

"Huyu anachechemeaga tangu lini?"

"Mzee, ndivyo zinavyokuwaga!" baba mdogo akajibu.

"Sisi hatupokeagi kilema. Kama hiki mnachoringia kina mguu mbovu, hao mliowaacha nyumbani wakoje? Kesho nakuja kuwaona mwenyewe."

Baba mdogo akaanza kutoka jasho. Nikadhani ni aibu ya gari.

Kesho yake mzee akaja. Zizini tukakuta ndama mmoja na mbuzi.

Ng'ombe wangu ndio walikuwa ile saluni nyeupe! Alitegemea neno la msemaji litatosha, ng'ombe atawatafuta baadaye. Mzee akasema binti haondoki mpaka zizi lijae, na ukoo ukamkalia kooni baba mdogo mpaka gari ikauzwa Bunda. Ndipo nikaoa.

Mpaka leo anasema Wajapani ndio walimponza.

Funzo? Ile spea ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo ya kutembelea mwezi mzima. Kazibe. Na kama una ng'ombe kwa baba mdogo, nenda kawaone leo.

Haya, nani mwingine yalimkuta?