Mke wangu aliniita mukiriya

Admin, nifichie jina langu, maana mji wetu ni mdogo na wenzangu wa ofisini wanausoma ukurasa huu wakati wa chakula cha mchana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, naishi hapa Gisenyi na mke wangu na watoto watatu. Nilizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, tukarudi Rwanda nikiwa kijana mdogo. Mke wangu amekulia Goma. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, ila enzi za uchumba tulibembelezana kwa Kiswahili, mimi changu cha shule na yeye chake cha Kongo, tukichekana mpaka machozi. Siku hizi Kiswahili chake wanakifaidi wateja.

Mimi jioni nikifunga ofisi naenda zangu nyumbani. Yeye anauza mboga Goma: karoti, vitunguu, kabichi, anazichukua kwa wakulima wa Nyakiriba na soko la Mahoko. Alfajiri yuko mpakani kwenye foleni ya Petite Barrière na wanawake wenzake, akirudi amechoka hata kuvua viatu ni kazi. Sisemi ni mhuni, tuelewane. Ni mchapakazi kuliko mimi, na mimi si mwanaume wa kugombana na riziki. Lakini nina upweke, ndugu zangu, na sikujua kwamba mtu mwenye mke na watoto watatu anaweza kuwa nao. Jambo likinichekesha ofisini nalibeba mpaka nyumbani nimsimulie, nalala nalo, asubuhi halichekeshi tena.

Biashara yao ina desturi zake. Mteja wanamwita mukiriya, na mukiriya si mtu wa kununua na kuondoka. Akijifungua unampelekea kitu, akioza binti unachangia, akifiwa unakaa matangani, la sivyo kesho utamwona meza ya jirani. Binti yetu wa pili alipopata komunyo ya kwanza, mama yake alifika misa imekwisha na picha tumeshapiga, kwa sababu mama mmoja mwenye mgahawa kule Goma alikuwa amefiwa na shemeji. Nilimwambia kwa utani kwamba nikifa mimi, ajitahidi afike kabla kaburi halijafunikwa. Hakucheka, na kusema kweli haukuwa utani.

Sasa mwezi uliopita nilipata siku ya mapumziko, nikaamua kumfuata kulekule sokoni kwake. Nilivaa shati zuri, nikanunua mandazi ya moto, nikavuka. Nikamkuta ameinama anapanga mzigo chini ya meza. Alisikia tu kuna mtu amesimama, akasema bila kuinua uso, kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi:

"Karibu mukiriya wangu, nilikuwekea karoti ya muzuri. Bibi yako alishapona?"

Kule bibi ni mke. Yaani mke wangu ananiuliza mimi habari za mke wangu. Karibu nimjibu kwamba sijui, siku nyingi hatujaonana. Alipoinua kichwa, uso ukambadilika, akashika kifua.

"Ni we? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kumsalimia. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini wateja walikuwa wanasubiri nyuma yangu. Akaniambia taratibu, "Basi jisogeze kidogo, Papa Keza, unafungia bakiriya njia." (Jina la mtoto nimelibadilisha.) Nikajisogeza. Mandazi aliyagawa kwa wenzake, moja akala, akanishukuru kwa adabu kama anavyoshukuru watu. Nikarudi nyumbani mapema.

Sikuligusa jambo hilo tena. Halafu Jumapili iliyopita baada ya misa, tumekaa uani anachambua maharage, akaniambia amepata chumba Goma na mwenzake mmoja. Anataka awe analala huko siku za kazi, arudi Jumamosi. Foleni inamchosha, mgongo unamuuma, na wenye migahawa wanataka mboga asubuhi sana. Kila sababu ilikuwa na akili. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba watoto watamkosa sana.

Akaendelea na maharage yake kwanza. Kisha akasema, "Watoto wamekuwa wakubwa. Mi nikuambie, kule siku moja nikikosa kuonekana, batu banauliza niko na nini, kama ninagonjwa. Hapa nikifika munaniulizaka chumvi iko wapi."

Nilitaka kubisha, nikakosa mfano. Kila jioni akiingia mlangoni mimi ndiye wa kwanza kusema, na kweli huwa ni chumvi, au ufunguo wa stoo, au mtoto mkubwa anataka kalamu. Mimi nilidhani biashara imeniibia mke. Kumbe naye kwa miaka yote hii anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayemuuliza ameshindaje, na mchana kutwa anayatoa maneno matamu kwa watu kwa sababu kule yanarudi.

Jumapili hii anataka jibu. Nikikataa atabaki, ni mke mwenye heshima, lakini atabaki kwa sababu nimekataa, na hilo silitaki. Nikikubali, najua vyumba vya namna hiyo, kwanza ni siku za kazi, halafu mvua, halafu matanga ya mukiriya, mwisho nitakuwa namwona kwenye sherehe. Kila nikitaka kusema naye najikuta nimesema watoto, watoto, watoto. Watoto wako sawa jamani, wana marafiki, wana shule. Ni mimi ninayemkosa, na neno hilo halijawahi kutoka mdomoni mwangu tangu tuoane.

Nishaurini, hasa nyinyi mama zangu mnaovuka mpaka kila siku. Mwanaume wa umri wangu anaanzia wapi kulisema, nifanye nini?