Siku Tuliyoufagia Msitu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipokuwa bado mke mgeni huku ukweni, nyuma ya Kilifi, katika ile miaka ya themanini. Nilikuwa na nguvu nyingi na akili ya haraka, na hivyo viwili vikikutana bila mtu wa kukushika mkono, ujue kuna jambo.

Msitu wetu unaujua. Juu ni kaya, ule msitu mtakatifu wa wazee wetu, huko kuna miiko yake na mgeni hapandi. Chini ya kaya kuna msitu mwingine usio na miiko mikali, na huo ndio uliokuwa umezusha maneno. Vijana walitaka ukatwe, pachomwe makaa na palimwe mahindi. Baba mkwe wangu, Mzee Kahindi, alisimama barazani peke yake akaomba wasubiri. Alikuwa amesikia kwa dereva mmoja wa hoteli ya Malindi kwamba kuna mama Mzungu, mtaalamu wa mimea, anayetafuta msitu wa kutembeza wageni. Akija akapendezwa, ataleta wenzake, nao msitu utatulisha ukiwa umesimama. Asipopendezwa, mapanga yaingie. Baraza likakubali hivyo, na mzee wa watu akarudi nyumbani amechoka kuliko mtu aliyetoka kulima.

Asubuhi hiyo akatuambia sisi wake wa mji, "Tayarisheni njia, mgeni anakuja leo." Sasa niambie, mtu wa kwetu akisikia mgeni anakuja hufanya nini? Hufagia. Uwanja hufagiwa mpaka mchanga uonyeshe mistari ya ufagio, na jani likianguka huokotwa. Basi tukaingia msituni na fagio na mapanga, mimi mbele. Tulifyeka makangaga, tukang'oa vimiti vya kivulini, hata mitapo midogo, ile inayofanana na minazi iliyokataa kurefuka. Majani makavu tukayazoa, tukarundika kila kitu kando. Tulikuwa tukiimba, mwanangu! Njia ikawa nyeupe, ungeweza kuanika mahindi juu yake.

Tungefika hadi penye mawe kama si siafu. Walikuwa wamekatiza njia, sisi hatukuwaona, na ghafla kila mwanamke anaruka, leso juu, akijipapasa mapajani. Tukatupa fagio tukakimbia. Tukajifariji kwamba palipofagiwa panatosha.

Hapo akaja Shangazi Sidi, dada yake baba mkwe, na mkongojo wake. Akasimama akaitazama njia.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi na wenzangu, shangazi," nikasema kwa kujivuna, nikidhani nasifiwa. "Si mgeni anakuja?"

"Anakuja kuona nini hapa? Mchanga? Mchanga si wanaulalia kutwa kule hotelini! Dereva alisema wazi kwamba huyu mama anapenda vya chini. Miti mikubwa ataiona akiwa garini. Hivi vidogo vinavyoishi kivulini ndivyo vinavyomtoa Malindi, na ninyi mmevirundika kama takataka."

Nilimfikiria baba mkwe na maneno aliyoyasema barazani mbele ya watu. Mara gari likasikika barabarani.

Mzee alitangulia, mgeni nyuma yake, dereva pembeni akitafsiri. Baba mkwe alipoiona njia alisimama papo hapo. Yule mama akaangalia huku na huku, akauliza kitu, na dereva akatugeukia taratibu.

"Anauliza, hapa pamepita moto?"

Natamani ungeniona. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Lakini nikajitoa mbele nikasema, "Mwambie ni sisi tumefagia. Kwetu mgeni hufagiliwa." Dereva akamwambia. Yule mama akanitazama, kisha akacheka, cheko lisilo na dharau, akanishika mkono wangu wenye malengelenge ya panga. Hata hivyo macho yake yalikuwa bado yanatafuta.

"Twendeni mbele," akasema Shangazi Sidi. "Siafu wamekuwa na akili kuliko hawa."

Akawazungusha pembeni mwa siafu mpaka penye mawe, ambako fagio zetu hazikufika. Pale kivuli ni kizito na mawe hayakauki, na kwenye nyufa zake kulikuwa na vile viua vya zambarau ambavyo mimi nilikuwa nikivipita kila siku bila kuvipa hata salamu. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la mwanambuzi. Mgeni akapiga magoti, halafu akalala kifudifudi kabisa na nguo zake safi, akavitazama bila kuvigusa. Aliponyanyuka alisema atarudi na wenzake, ila kwa sharti kwamba pasing'olewe kitu tena, na yeye mwenyewe asipewe hata jani la kuondoka nalo.

Baba mkwe alishusha pumzi tukaisikia sote. Mimi nililia, na sikuona haya, maana ule mzigo uliokuwa kifuani ulikuwa umeshuka.

Wageni walikuja, kidogo kidogo, wakitembezwa na wale wale vijana waliotaka kukata. Neno la makaa likafa lenyewe. Pale tulipofagia, makangaga yalirudi na mvua. Mitapo ilichelewa mno, na mingine hadi leo haijaonekana.

Basi nasaha yangu ni hii. Usikionee haya ulicho nacho hata ukakisafisha mpaka kikaisha. Mgeni akija kuona msitu, mwonyeshe msitu, na majani yake makavu na miiba yake. Vilivyo chini vitunze kabla ya vilivyo juu, kwa sababu mti ukianguka kila mtu husikia, lakini kidogo cha kivulini hufa kimya. Na kabla hujashika panga kwa nia njema, uliza kwanza. Mungu akuongoze, mwanangu, akuzidishie kheri, na akuzeeshe penye kivuli.