Siku Mama Mkwe Aliponishika Mkono

Mwanangu, mimi hakuna kitu cha chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Nimeona noti yenye sufuri nyingi ikishindwa kununua sabuni. Nimeona kiwanda cha Likasi, kilichokuwa kikinguruma usiku na mchana, kikinyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Shule niliiacha primeri, na leo nina atelye yangu, karakana ya vyuma, hapa mtaa wa Kikula, nyumba ya matofali ya kuchoma, na watu wenye diplome wananiita Patron. Najisifu? Ndiyo, najisifu, sikuibia mtu. Ila iko siku moja nilishangaa mpaka nikakaa chini kwenye chenga za chuma, na ndiyo hiyo inayonifanya nimshukuru Mungu kila asubuhi ninapofunga vifungo vya shati.

Ilikuwa miaka ile mishahara ilipokufa. Nilikuwa kijana, mke wangu Kapinga ana mimba ya kwanza, na chakula chetu chote kilitoka kwenye mashine moja: msumeno wa mkanda wa kukata chuma. Unaujua, ule wenye magurudumu mawili na mkanda mrefu wa meno unaozunguka juu yake. Niliukuta umekufa, nikaufufua mwenyewe.

Umeme siku hizo ulikwenda na kurudi upendavyo. Basi mimi, mjanja, nikajitengenezea kengele: umeme ukikatika, swichi ya msumeno siizimi. Ukirudi, msumeno unanguruma wenyewe, nami hata nikiwa nje napiga stori najua kazi imerudi. Nilijiona profesa.

Siku hiyo mama mkwe wangu, mama Ngalula, alileta chuma cha ekseli ya pusupusu, mkokoteni wake wa kubebea unga sokoni, nikikate. Alikuwa mjane wa fundi wa kiwandani. Sasa, kwao kuna buko, heshima ya ukwe: mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni, hamgusi, wala hasemi naye moja kwa moja. Kwa hiyo alikaa nje ya mlango, ametupa mgongo, na Kapinga akasimama katikati kupitisha maneno, ingawa mimi nilikuwa nasikia yote.

Nilitaka aone binti yake ameolewa na mwanamume. Badala ya kuuacha msumeno ushuke kwa uzito wake, niliukandamiza. Meno yakang'oka, mkanda ukakatika, na haukupita muda umeme nao ukaenda. Sikujali, na swichi nikaiacha kama kawaida yangu. Nikafungua vifuniko, nikaanza kuvalisha mkanda mpya, mikono yote miwili ndani ya magurudumu.

"Kapinga," sauti ikatoka nje, "uliza bwana yako, prise iko wapi?"

Prise, yaani plagi, ilikuwa ukutani, mahali pake; courant, yaani umeme, ndiyo haikuwapo.

"Mwambie mama courant imeenda. Prise itanifanya nini? Itaniuma?"

"Muambie courant haipigake hodi. Baba yako alikuwa anasema, mashine haijasimama mpaka prise iko mu mukono yako."

"Mama anasema..." Kapinga akaanza.

"Nimesikia! Muambie miye niko fundi, apana mutoto."

"Muambie fundi iko na mikono mbili tu. Ikikatika, huyu mutoto wa mu tumbo atakula nini? Atakula kiburi ya baba yake?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikainamisha kichwa, nikaendelea.

Hatua zake sikuzisikia. Nilichosikia ni mkono ukinikamata kwenye kiwiko na kuning'oa pale kama mtu anavyong'oa muhogo. Glavu yangu moja ikabaki ndani, mimi nikaanguka kwa matako. Kugeuka, ni mama mkwe! Macho kwa macho. Kapinga akapiga yowe, na yowe lile lilikuwa la buko, si la msumeno. Jirani aliyekuwa akipita akageuza uso. Mama akavuta kitenge mpaka machoni kwa haya. Nami, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nimfokee.

Hapo watoto wa avenue nzima wakalipuka: "Courant! Courant!"

Msumeno ukaamka. Mkanda, uliokuwa umekaa nusu tu, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, ukachapa ukuta. Glavu ilitoka vipande. Kapinga ndiye aliyekimbia kung'oa prise, na tumbo lake lile.

Msumeno ukasimama. Kisha, kutoka chini ya kitenge: "Kapinga, uliza bwana yako kama sasa anajua prise iko wapi."

"Aksanti, mama," nikasema, bila kupitia kwa mtu. Buko lilikuwa limeshavunjika, nifiche nini tena?

Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sikiliza sasa. Umeme ukikatika, zima swichi kwanza, mengine baadaye. Kabla hujafungua kifuniko, ng'oa prise. Kwangu hapa, anayebadilisha mkanda anashika prise mwenyewe, hamwachii mwenzake, hata awe ndugu wa tumbo moja. Chuma kibane vizuri, kwani chuma cha mviringo kikipata nafasi kinageuka na kuvunja meno. Usisukume. Msumeno una uzito wake, na haraka yako haiuongezei makali. Mwagia maji yenye mafuta usiuache uchemke. Chenga ondoa kwa brashi, tena mashine imesimama, si kwa kidole. Glavu vaa unaposhika mkanda mpya, vua kabla ya kuwasha. Jioni legeza mkanda, nao upumzike. Hata punda hafungwi mzigo usiku kucha. Na akikuambia neno mtu asiyeshika bisibisi, usimtazame mikono, sikiliza neno.

Mungu akulinde vidole vyako vyote kumi, uvihesabu ukiwa mzee kama ninavyovihesabu mimi. Akupe mke mwenye mama mwenye macho hata mgongoni.

Buko likivunjwa halina budi kusafishwa. Wazee walikaa, wakasema: mama ndiye aliyeshika, lakini sababu ni wewe, lipa wewe. Mimi hubishania bei ya kila kitu, hata ya nyanya. Siku hiyo sikubishana. Mikono yangu yote miwili ilinigharimu kuku mweupe mmoja, kitenge cha yadi sita na kilo mbili za chumvi.