Mkate Ulikuwa wa Bi Zuwena, Nikasema ni wa Babu Yangu Mfaransa

Nimekosa. Naanza hivyo ili usije ukanihurumia mapema. Wengi wanaoandika kutoka Saudia huandika waliyotendewa, na wana haki, maana kuna mambo mazito kule. Mimi naandika niliyotenda. Hakuna aliyenishikia fimbo. Mdomo ulikuwa wangu na uongo ulikuwa wangu.

Nilimkana mama wa watu mbele ya ukumbi mzima kwa sababu ya mkate. Ndiyo, mkate! Cheka tu, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Mimi natoka Kitale. Miaka ile kila mtaa ulikuwa na ajenti, na kila ajenti alikuwa na fomu. Wangu aliniuliza, "Kuna familia Jeddah inataka mtu anayejua kuoka mkate wa Kifaransa. Wewe unajua?" Mimi nilikuwa nauza mandazi sokoni. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Akaandika diploma. Diploma ya wapi sijui, alijaza mwenyewe, nami nikatia sahihi nikimshukuru.

Nikapelekwa mtaa wa Al-Nuzha, kwa madam mchangamfu aliyewahi kukaa Paris wiki mbili na hakupona tena. Nyumba nzima ilikuwa ya Kifaransa. Mapazia, vikombe, hata paka alikuwa na jina ambalo ulimi wangu ulikataa kulitamka, nikawa namwita Pusi tukiwa wawili.

Mkate wangu wa kwanza uliniponyoka mkononi ukaanguka sakafuni. Kilichovunjika ni kigae! Madam aliutazama mkate, akanitazama mimi, akasema labda bado sijazoea hewa ya Jeddah. "Mafi mushkila," akaniambia, yaani hakuna shida, akanipa wiki moja nizoee.

Katika wiki hiyo ndipo nilipokutana na Bi Zuwena.

Dereva wa nyumba alikuwa akinipeleka mtaa wa Sharafiya kununua mboga. Nilisimama kwenye duka la simu kuweka salio, salio likaliwa, nikatoa tusi la Kiswahili kwa sauti, nikijua hapo hakuna anayenielewa. Nyuma yangu sauti ikasema, "Wee mtoto! Sura nzuri hivyo na maneno gani hayo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa mama mzee, mwembamba, na buibui lake lina unga kwenye mikono. Wazazi wake walimtoa Unguja akiwa mtoto, baada ya mapinduzi, na tangu hapo hajarudi. Miaka hamsini yuko Jeddah, anabadilisha ikama tu, kile kibali cha kuishi, na Kiswahili chake ni kilekile cha Mji Mkongwe. Alikaa ghorofa ya tatu nyuma ya maduka yale, na juu darini alikuwa na tanuri. Alioka boflo kwa ajili ya familia za Kizanzibari, ya Ijumaa na ya harusi.

Boflo unalijua? Mkate wa pwani, mrefu, mgumu nje na laini ndani. Nilipouona tu nikasimama wima. Kumbe huu huu ndio anaoutafuta madam!

Nikamweleza Bi Zuwena shida yangu yote, nikilia. Aliposikia habari ya diploma alicheka mpaka akakaa chini. "Boflo letu limekuwa Mfaransa! Haya, chukua, mwanangu. Kesho kutwa njoo tena, ila uje ujifunze, sio uje kubeba tu."

Nikabeba tu. Miaka miwili nilibeba tu! Mikate nilikuwa naificha chini ya giligilani kwenye kikapu. Dereva nilimziba mdomo kwa mkate mmoja kila safari. Nikifika nyumbani nawasha oveni ya madam, naipasha, najipaka unga puani na kwenye nyusi, kisha naita watoto. Madam anafumba macho anatafuna. "Paris," anasema. "Paris kabisa." Kuna unga alikuwa akiagiza makusudi kutoka Ufaransa, nampelekea Bi Zuwena, yeye anaushika kwa vidole viwili na kusema hauna nguvu, labda wa visheti.

Sikiliza, huyo mama hakunitoza kitu. Nilikuwa namkata kucha, nampaka hina, namsomea ujumbe wa simu kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Yeye ananipikia mchuzi, ananilaza kwenye busati la jikoni nusu saa nipumzike, anamwambia dereva asubiri. Katika nchi ile nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akiniita mwanangu. Kila siku ananiambia, "Njoo utie mkono kwenye unga huu, nisije nikaondoka nao." Nami namjibu, "Wiki ijayo, mama," huku nachezea simu.

Basi, siku moja madam akaingia jikoni anaruka. Riyadh kuna tamasha la mkate wa Kifaransa! Waokaji wa jadi wanakuja kutoka Ufaransa, hoteli kubwa, siku ya familia. Ameshaandikisha meza. Meza ya nani? Yangu!

Nilikimbilia Sharafiya. Bi Zuwena hakushtuka hata kidogo. Jioni ya kuamkia safari aliniokea mikate kumi na mbili, akaifunga kwenye kitambaa chake cheupe cha sala ya Idi. Kisha akanishika mikono.

"Nina neno moja," akasema. "Wakikuuliza nani kakufunza, nitaje jina. Mama yangu alikuwa muokaji, na bibi yangu. Hapa nimeoka umri mzima, na hakuna ajuaye ila hawa majirani wawili watatu. Nitaje tu mara moja, watu wasikie. Malipo yangu ndiyo hayo."

Nikaapa. Jamani, niliapa kwa jina la Mungu nikiwa nimemshika mikono!

Tukapanda ndege. Mikate iko kwenye sanduku langu chini ya nguo, madam anaamini nimeioka mwenyewe. Mkono wa kulia nilikuwa nimeufunga bendeji kubwa, eti nimeungua, ili nisije nikaambiwa nikande unga mbele ya watu.

Ukumbini nilivishwa kofia nyeupe, ndefu, inayogusa taa. Watu ni wengi kuliko harusi. Mara kikaingia kitu kirefu kimebebwa mabegani na watu wanane, wanatembea polepole. Nikasogea pembeni nikainamisha kichwa, nikajua ni maiti. Ulikuwa mkate! Mkate wa mita sijui ngapi, na watu wanaupigia makofi.

Jirani yangu mezani alikuwa mzee Mfaransa, muokaji, masharubu yake yamejaa unga wa kweli, sio wa kujipaka kama wangu. Akachukua boflo la Bi Zuwena, akalibonyeza, akaliweka sikioni. Wenyewe husikiliza mkate, ukilia ganda lake wanajua umeiva vizuri. Nami nikachukua wake, nikauweka sikioni kama simu, nikatikisa kichwa. Ningefanya nini?

Akamega, akatafuna. Akamega tena. Kisha akaanza kupiga kelele kwa Kifaransa, akawaita wenzake, wakaja wanne, wakala, wakaulizana. Mkalimani akasema wanadai mkate kama huo walikula utotoni na hauokwi tena siku hizi. Mtangazaji akaja mbio na maikrofoni.

"Dada, mkate huu umefundishwa na nani?"

Ndipo hapo. Jina lilikuwa ulimini. Lakini madam alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kifuani, machozi ya fahari yanamlenga. Nikitaja Bi Zuwena wa Sharafiya, ataniuliza Sharafiya ulikuwa unafanya nini, na mikate ya miaka miwili iliokwa wapi, na diploma je? Nikaona tiketi ya kurudishwa Kitale kabla ya mkataba kwisha.

"Babu yangu," nikasema.

"Muokaji huko Kenya?"

"Alikuwa Mfaransa."

Jamani! Sijui ilitoka wapi! Mtangazaji akaitangaza kwa Kiarabu kwenye spika zote, ukumbi ukasema aaah. Ningenyamaza hapo labda ningepona. Lakini uongo ukishapigiwa makofi unanoga. Nikasema babu alikuja kwa meli, meli ikazama, akaokoka ameshikilia pipa la unga. Nikasema alipanda treni mpaka Kitale, akampenda nyanya yangu kwa sababu ya mikono yake. Nikasema alifariki mbele ya tanuri, na neno lake la mwisho lilikuwa "geuza ule wa kushoto".

Na nikalia! Machozi ya kweli, yanaloanisha bendeji!

Mzee Mfaransa akavua kofia. Akasema kitu, mkalimani akainamisha kichwa. "Anaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu."

Ukumbi mzima wa hoteli, Riyadh, ukasimama kimya kwa ajili ya babu yangu. Babu yangu wa kweli alikuwa mchunga ng'ombe wa Cherangani, aliyesema mkate ni chakula cha wagonjwa, na Mfaransa hakupata kumwona hata kwenye picha. Dakika moja ni ndefu sana ukiwa mwongo. Nilikuwa nasikia friji ikinguruma.

Kwenye dakika hiyo ningeweza kusema. Hakuna aliyekuwa akizungumza, maikrofoni iko mbele yangu. Nikakaa kimya na mimi, kwa heshima ya babu.

Video ilizunguka kabla hatujarudi Jeddah. Mjomba alinipigia kutoka Kitale kuuliza kama tuna shamba Ufaransa na kama hati iko kwangu. Mama naye alipiga akiwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia. "Baba yangu alikuwa Mfaransa tangu lini? Unajua kanisani wanasema nini juu ya nyanyako? Marehemu hawezi hata kujitetea!" Nikamwomba radhi mama, nikamwomba radhi nyanya kaburini. Kwa hao nilipata maneno.

Wiki nzima nilikuwa nikijiambia kwamba Bi Zuwena haoni vizuri, na asiyeona vizuri hatazami video. Nilisahau kwamba anasikia. Anasikia Kiarabu kuliko mimi ninavyosikia Kiswahili.

Nilipopanda ngazi zake, mlango ulifunguliwa kabla sijabisha mara ya pili. Nikaelekea jikoni kama kawaida yangu. Akanishika kiwiko, taratibu sana.

"Huku, bibi," akasema. "Wageni hukaa sebuleni."

Sebule ile sikuwahi kuingia. Ilikuwa na makochi yenye vitambaa, yanayotunzwa kwa ajili ya wakubwa. Akanikalisha kwenye kochi kubwa, akafukiza udi. Akaniletea chai kwenye kikombe chenye maua ya dhahabu, na sahani. Kwenye sahani alipanga vipande vya mkate wa dukani, ule unaouzwa umeshakatwa kwenye nailoni.

"Makiwa, bibi," akasema. "Pole kwa msiba wa babu yako."

"Bi Zuwena, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hujanikosea kitu. Hatujuani hivyo." Akanisogezea sahani. "Kula, tafadhali. Mgeni haondoki bila kuonja."

Nikala. Ningekataaje? Nilitafuna mkate ule wa nailoni huku nasikia harufu ya boflo kutoka darini ikiingia dirishani. Nikapiga magoti nikashika miguu yake, akaniinua kwa adabu zote, akanirudisha kwenye kochi na kuniuliza kama ndege ya Riyadh ilikuwa nzuri. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Laiti angenipiga na kile kibao chake cha kukandia!

Nilirudi mara nne. Mara nne sebuleni, udi, kikombe cha dhahabu, na "karibu tena, bibi". Neno "mwanangu" sikulisikia tena mpaka nimeondoka Saudia.

Na adhabu nyingine unafikiri nilipata? Hakuna! Nilipoanza kuoka mwenyewe na mawe yakarudi, madam alinikumbatia. Alisema tamasha limenifufulia majonzi ya babu, nisiguse unga mpaka moyo upone. Nikamaliza mkataba nikipiga pasi. Sikufukuzwa, sikukatwa kitu. Nilichokuwa nakiogopa hakikutokea, na nisichokiwaza ndicho nilichokipoteza.

Sasa niko nyumbani, nimerudi kwenye mandazi. Wateja wakiniuliza kuhusu mkate wa Wafaransa nabadilisha mazungumzo. Kuoka boflo sijui mpaka leo, na aliyekuwa tayari kunifunza nilimwacha aongee na mgongo wangu.

Ninyi mlioko huko, na ninyi mnaojaza fomu leo, hamtakosa mtu mmoja wa kuwafungulia mlango. Siku mkiulizwa mbele ya watu, msihesabu kwanza nani amesimama mbele yenu. Semeni hapo hapo. Ukichelewa kwa pumzi moja tu, utajikuta unaomboleza Mfaransa!

Mhariri, jina langu nimekuomba ulifiche, na kijiji changu pia. La kwake usiliguse, liandike lote kama lilivyo: Bi Zuwena binti Khamis, muokaji, wa Unguja.