Siku Baba Alipoishiwa Maneno

Kila ninapochemsha mawese, harufu yake hunirudisha jikoni kwetu Makere, siku mama alipopelekwa hospitali Kasulu kwa bodaboda, akiwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake. Baba alibaki akitupikia maharage kwa mawese. Alikuwa mzee wa kanisa, na sala zake za Jumapili zilikuwa ndefu hata sisi watoto tukasinzia.

"Baba, muombee mama," nilimwambia.

Alipiga magoti kwenye majivu, akakunjua viganja. Kile Kiswahili chake cha kanisani hakikuja. Alimwita Mungu kwa Kiha, kwa sauti ndogo: "Mana, ni wewe tu. Mimi nimeshindwa."

Nikangoja. "Endelea, baba."

"Nimemaliza, mwanangu."

Akainuka, akakoroga maharage, uso wake umetulia. Tulikula tukashiba.

Baada ya siku mbili mama alirudi na mtoto wa kike. Baba alimpokea uani, akapiga magoti palepale. Tuliinamisha vichwa tukisubiri aombe, lakini mama alimwekea tu mtoto mikononi, naye akabaki hivyo, machozi yakimtoka huku anacheka.